Kabla ya Kutupa Pedi Kuukuu

Gari linaloishi Lusu humaliza breki za mbele mapema kuliko gari kama hilo linaloishi kwenye lami ya Dodoma, na wa kwanza kulaumiwa ni vumbi. Kata hii ya Nzega ndiyo iliyokuwa na mgodi wa Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, uliofunguliwa na kampuni ya Resolute kutoka Australia mwaka 1998 na kufungwa mwaka 2014. Mgodi ulifungwa, wachimbaji wadogo wakabaki, na mawe bado yanapondwa. Jiwe jeupe la kwatzi wanalolifuata ni gumu kuliko chuma cha kusubu kinachotengenezewa diski za breki. Likishasagwa, likachanganyika na changarawe ya barabarani na kurushwa na lori lililo mbele yako, linaingia kati ya pedi na diski na kuzila zote mbili kila unapokanyaga.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko magari yetu. Mwaka 1902 Frederick Lanchester wa Birmingham alisajili hataza ya breki ya diski, wazo lilelile lililo kwenye magurudumu ya mbele ya gari lako leo. Pedi zake zilikuwa za shaba. Barabara za Uingereza wakati huo zilikuwa za vumbi, shaba ikaisha upesi, na wazo likalala. Lilikuja kuamka kweli baada ya nusu karne, Jaguar iliposhinda mbio za Le Mans za 1953 ikiwa na diski za Dunlop. Vumbi peke yake lilikuwa limetosha kuuangusha uvumbuzi mzuri.

Huku kwetu kusimamisha gari ni elimu changa. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, iliyoifanya Tabora kuwa mji, ilikuwa njia ya miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa mabegani, na wamisionari wa London Missionary Society walipojaribu mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani miaka ya 1870, ndorobo waliwamaliza ng'ombe. Gurudumu lililodumu ni la reli, iliyofika Tabora mwaka 1912. Ujuzi wa kwenda mbali tunao tangu mababu. Ujuzi wa kuuzuia uzito wa tani moja na nusu ukiwa mbioni tumeupokea juzi, na naona ndiyo maana wengi wetu tunamwachia fundi funguo bila kuuliza swali hata moja.

Msimamo wangu katika sura hii ni kwamba mwenye gari aliye makini anaweza kubadilisha pedi za mbele nyumbani kwake, na faida kubwa ya kuifanya kazi hiyo mwenyewe ni kuitazama pedi ya zamani kabla haijatupwa. Hela ya ufundi utakayookoa ni ndogo. Habari iliyo kwenye ile pedi ni kubwa, na gereji yenye foleni ya magari haina muda wa kukusomea.

Nitaufuata mfano wa RAV4, kwa kuwa kalipa yake ya kuteleza ndiyo ile ile utakayoikuta kwenye X-Trail na magari mengi ya juu yanayoingia nchini kutoka Japani. Prado nyingi zina kalipa isiyoteleza, yenye pistoni pande zote mbili, ambayo pedi zake hutolewa kwa kuchomoa pini bila kuifungua kalipa yenyewe. Kinachofanyika ndani ni kilekile.

Unapokanyaga breki, gari linaelemea mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya kazi yote ya kusimama, mara nyingi hata theluthi mbili. Kazi hiyo inageuka joto. Gari la kilo 1,500 likitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hadi kusimama, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha lita moja ya maji ya chai, tena ndani ya sekunde chache. Ukiongeza mwendo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Sasa fikiria Mlima Sekenke, unapotoka Singida kuja Igunga na barabara inashuka kuelekea mbuga ya Wembere. Kila mita 100 za kimo unazoshuka kwa kushikilia breki ni joto la lita nne na zaidi. Dereva anayeshuka kwa gia nzito anaiachia injini mzigo mkubwa. Anayeshuka kwa gia nyepesi, mguu ukiwa juu ya pedeli, anaupeleka kwenye breki, na sehemu kubwa inaishia kwenye vipande vinne vidogo vya pedi za mbele.

Sekenke hiyohiyo, kabla haijajulikana kwa malori, ilijulikana kwa dhahabu. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani, dhahabu yake ililetwa Tabora na kupigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ndani ya karakana ya reli. Nawataja mafundi wale kwa heshima. Walifanya kazi ya vipimo vya usahihi wakiwa na zana zilizokuwepo, na kazi ya breki inadai moyo huohuo.

Dalili za pedi kuisha zinajulikana. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski zikibaki milimita 2 au 3, na hapo breki zinaanza kulia kwa sauti nyembamba. Ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, umechelewa, na diski nayo inaliwa. Kuna dalili ya kimya pia: mafuta ya breki kwenye kikopo chake yanashuka taratibu bila kuvuja popote, kwa sababu kadiri pedi zinavyopungua ndivyo pistoni zinavyotoka nje na kuacha nafasi ya kujazwa. Usikimbilie kuongeza. Angalia pedi kwanza.

Kabla ya kufungua chochote, nunua pedi sahihi. Beba namba ya chesisi, kwa maana RAV4 za mwaka mmoja zinaweza kuwa na breki tofauti. Duka liwe Nzega, Tabora mjini au Gerezani kule Dar es Salaam, geuza pedi usome maandishi ya mgongoni. Watengenezaji wengi huweka mwishoni herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza ni nguvu ya kushika pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ni nguvu ikiwa imechemka. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi iliyoandikwa FE inashika vizuri mjini na kulegea mlimani, na mtu anayeshuka Sekenke hana sababu ya kuinunua. Pedi zilizopimwa kwa kanuni ya Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba yenye 90R. Feki nazo huandikwa, hilo lipo, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote mgongoni iache dukani hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Nunua seti nzima, kushoto na kulia. Kubadilisha upande mmoja kwa kubana matumizi ni kujitengenezea gari linalovuta upande siku ya dharura.

Chagua asubuhi isiyo na upepo. Kuanzia Julai hadi Oktoba, saa za mchana vumbi linapaa, na hulitaki kwenye grisi mpya. Ardhi ya uwani kwetu ni laini, hivyo weka chini ya jeki kipande kinene cha mbao. Kipande cha mninga hakipasuki ovyo. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe mbele na nyuma, vuta hendibreki, legeza nati za tairi gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Kisha weka stendi chini ya chesisi na ulishushe gari likae juu yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari, ili lolote likitokea lipokee uzito ule badala ya mguu wako.

Fanya upande mmoja, uumalize, ndipo uende wa pili. Upande ambao haujaguswa ndio mwalimu wako ukisahau kibati kipi kilikaa wapi.

Vumbi jeusi lililojaa kwenye kalipa usilipulize, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na hakuna anayeweza kukuhakikishia za bei rahisi zina nini. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa, tupa kitambaa. Petroli, ambayo wengi wanaitumia, iweke mbali kabisa. Mipira ya ndani ya breki haipatani na petroli wala na grisi ya kawaida, inavimba na kulegea, kisha unaanza kutafuta mahali mafuta yanapovujia.

Fungua bolti ya chini ya kalipa, mara nyingi spana namba 14, uinue kalipa kama kifuniko. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Kalipa inayoning'inia kwenye mpira wake wa mafuta inauumiza kwa ndani, mahali usipoweza kuona. Sasa chomoa pedi mbili, ya ndani na ya nje, uziweke juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Ukimaliza upande wa pili utakuwa na pedi nne zimepangwa. Kila upande, kabla ya kufunga pedi mpya, weka spana chini usome mbili zake.

Kwenye gari lenye afya, zote nne zimeisha kwa usawa, na sehemu kubwa ya wasomaji watakuta si hivyo. Tuseme pedi ya ndani kushoto imebaki milimita 2, na ya nje kushoto ina milimita 7. Kalipa ya kuteleza ina pistoni upande wa ndani tu. Inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje ije nayo ishike. Pini zikikauka kwa kutu na vumbi, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili. Inawezekana pia pistoni yenyewe imegoma kurudi. Kujua ni ipi, shika kalipa uitikise kwenye pini zake. Ikienda na kurudi kwa mkono bila ubishi, pini ni nzima na wa kushukiwa ni pistoni. Ikigoma, mkosaji ni pini. Aliyebadilisha pedi bila kuona hilo atarudi dukani baada ya miezi michache, akilalamika kwamba pedi za siku hizi hazidumu.

Ikiwa ya nje ndiyo iliyokwisha zaidi, pini zinakubali kwenda na kukataa kurudi, na pedi inabaki ikiparuza diski hata ukiwa umeachia mguu. Pedi iliyoliwa mshazari, nene mwisho mmoja na nyembamba mwisho wa pili, inakuambia pini moja imekwama, au masikio ya pedi yamebanwa na kutu kwenye fremu yake. Pedi zote mbili za kulia zikiwa zimeisha na za kushoto bado, chunguza mpira wa mafuta wa kulia. Mpira uliochoka huvimba kwa ndani, mafuta yanapita kwenda na yanachelewa kurudi, na breki ya upande huo haiachii. Inaweza pia kuwa ya kushoto ndiyo isiyofanya kazi, na hilo ni la hatari zaidi. Uso unaong'aa kama kioo na kingo zilizomeguka ni alama ya joto lililopita kiasi: huenda dereva alishuka mlima kwa gia isiyofaa. Mifereji myembamba iliyonyooka, ikilingana na mifereji kwenye diski, ni saini ya barabara ya Lusu.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kufunga pedi mpya ni nusu saa.

Chomoa pini, zifute mpaka ziwe safi, ondoa kutu kwa msasa laini, kagua mipira yake ya kuzuia vumbi. Mpira uliochanika ubadilishe, maana huo ndio mlango wa vumbi. Paka grisi ya silikoni au ile maalumu ya breki, kiasi kidogo. Sugua fremu kwa brashi ya waya mahali masikio ya pedi yanapokaa, weka vibati vipya vilivyokuja na pedi.

Diski ina unene wa mwisho uliopigwa muhuri kwenye chuma chake, mara nyingi kwa maneno MIN TH na namba ya milimita. Chini ya hapo haitumiki. Diski iliyotumika sana ina ukingo pembeni ambao haukuliwa, kwa hiyo ukiipima kwa vanieri utapima ukingo na kudanganyika. Weka sarafu mbili zinazolingana, moja kila upande, ndani ya ukingo, pima zote kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu. Mifereji midogo isiyokamata ukucha haina shida. Diski iliyochimbika ipelekwe kuchongwa kwenye mashine ya leithi kama unene unaruhusu, la sivyo inunuliwe mpya, zote mbili. Kuisawazisha kwa grenda ya mkononi, jambo linalofanyika huku na kule, ni kosa ambalo siwezi kulipaka maneno laini: uso unabaki na mawimbi, pedeli inatetemeka, na pedi mpya zinashika kwa vipande.

Kurudisha pistoni ndani, tumia klampu na kipande cha pedi ya zamani juu yake, pole pole. Nyundo na bisibisi hapana. Kabla hujasukuma, fungua kile kinati cha kutolea upepo ukiwa umekivisha mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa, ili mafuta machafu yatoke humo yasirudi juu kwenye mfumo wa ABS, kisha kifunge kabla hujaachia klampu. Mafuta haya yanababua rangi ya gari, yakidondoka mwaga maji hapohapo.

Mafuta yenyewe yana tabia moja ambayo kila mwenye gari aijue: yanafyonza unyevu kutoka hewani. DOT 3, ambayo Toyota nyingi zinatumia na imeandikwa kwenye kifuniko, inaanza kuchemka kuanzia nyuzi 205 ikiwa mpya. Ikishabeba unyevu wa kutosha, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu inachemka, mvuke unajaa kwenye bomba, na pedeli inakwenda hadi chini bila kushika. Mafuta yabadilishwe kila miaka 2, na siku ya pedi ndiyo siku nzuri. Kazi hiyo inahitaji watu wawili na maneno machache, mmoja akiwa kwenye usukani na mwingine chini na spana.

"Kanyaga, mpwa wangu."

"Nimekanyaga, mjomba."

"Shikilia hapohapo."

Kinati kinafunguliwa, mafuta yanatoka na viputo, kinafungwa.

"Haya, achia."

Aliye juu haachii mguu mpaka aambiwe, kwani akiachia kinati kikiwa wazi upepo unaingia tena. Mnarudia mpaka yatoke mafuta masafi yasiyo na viputo, na kila mara kikopo kinaongezwa kabla hakijakauka.

Funga kila kitu, bolti za kalipa zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Nati za tairi za RAV4 ni nyutoni-mita 103, na zikazwe kwa mpishano. Kisha kaa kwenye kiti na ukanyage pedeli mara nyingi, taratibu, mpaka iwe ngumu. Pistoni ulizozirudisha ziko mbali na pedi, na mguu wa kwanza utazama hadi chini. Anayewasha gari na kurudi nyuma kabla ya kufanya hivi atasimamishwa na ukuta.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta kipande cha barabara kisicho na watu, nenda kilomita 60 kwa saa, punguza taratibu hadi 20 bila kusimama kabisa, achia zipoe, rudia mara kumi hivi. Siku za mwanzo epuka breki za ghafla kadiri inavyowezekana. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za tairi na uchungulie kama kuna unyevu kwenye kalipa. Pedeli ikiwa bado laini, taa ya ABS ikiwaka au mafuta yakipungua kikoponi, gari lisitembee. Muite fundi aje lilipo, na umwonyeshe zile pedi nne.

Ziandike kabla hujazitupa: ndani kushoto, nje kushoto, ndani kulia, nje kulia, milimita zilizobaki kwa kila moja, na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Kwa barabara za Lusu, fungua tairi utazame tena baada ya kilomita 5,000, na mwishoni mwa kiangazi hata kama kilomita hizo hazijatimia.